Jino Langu Limehamia kwa Dada

Jana nililala na kinyongo, na alfajiri nikaota jino langu la mbele linaniaga.

"Nahama," liliniambia. "Fizi zako zinavuja damu kila asubuhi, na wewe unatema tu, unafungulia maji. Nakwenda kwa dada yako."

Dada yangu Tumpe alipandikizwa meno mawili mwaka huu, yale ya bandia yanayoshikiliwa na skrubu kwenye mfupa wa taya. Kwenye harusi ya binamu yetu, wapiga picha walimzunguka yeye mpaka bibi harusi akasahaulika. Mimi nilicheka nimeziba mdomo kwa mtandio. Tangu siku hiyo sijampigia simu.

"Tumpe hana nafasi," nikaliambia jino. "Kinywa chake kimejaa."

"Tutabanana. Kwake kunapigwa mswaki."

Nainuka kulizuia. Chumba kimekuwa shamba. Udongo wake ni wa waridi, laini, ukiukanyaga unatoa damu. Tumpe amevaa gauni lile la harusini, anapiga matuta kwa jembe, anapanda skrubu mojamoja.

"Dada, unalima fizi za nani?"

"Zako," anasema bila kuinua kichwa. "Nilitaka na wewe upate meno, Kissa. Lakini skrubu hazishiki. Damu ilianza lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Ungefurahi."

Skrubu moja inakohoa. "Samahani kuwaingilia," inasema. "Sisi kanuni yetu ni mfupa. Nimeshuka mpaka chini kabisa, mfupa umeliwa, kilichobaki ni wivu. Haturuhusiwi kusimama kwenye wivu."

Tumpe anaweka jembe chini, analia. Nachukia hata kulia kwake, maana akilia meno yanaonekana vizuri zaidi.

Jino langu linapita katikati yetu, limebeba kifurushi. "Tumpe, fungua kinywa."

Tumpe hafungui. Ananitazama mimi kwanza, kama anaomba ruhusa. Hajawahi kuniomba kitu maisha yake yote, au labda aliwahi, nikajifanya sisikii.

"Lipokee," nasema. "Halipendi maji ya baridi."

Niliamka ulimi wangu ukiingia kwenye pengo, pale lilipokuwa jino langu la mbele. Nilikung'uta mto, nikakunjua shuka, nikapiga magoti nikachungulia chini ya kitanda. Hakuna jino. Simu ikaita. Alikuwa Tumpe, baada ya miezi minne ya kununiana.

"Mdogo wangu," alisema, kama mtu anayeongea na kitu mdomoni. "Hebu hesabu meno yako, uniambie."