Kisanduku Kisichomshtua Mtu

Manispaa ya Hällsjö ilipotengeneza kiolezo kipya cha slaidi, mambo mengi yalipita bila kelele: herufi, nembo, hata picha ya ziwa lililoganda. Kilichokwama ni rangi ya kisanduku. Nasema kile kisanduku kinachowekwa katikati ya slaidi kubeba neno ambalo hata kama msikilizaji alikuwa anasinzia, hilo lazima alipate. Rangi yake ya nyuma iliwaumiza watu vichwa tangu theluji ya kwanza mpaka ilipoanza kuyeyuka.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo ni Majken Sandell, ofisa habari, mama wa miaka hamsini na sita. Tangu vuli alikuwa halali vizuri, maana zilivuma habari kwamba nafasi moja ya ghorofa ya tatu itafutwa, na ghorofa ya tatu ndiyo yake. Akapiga hesabu zake: nikiwapa kisanduku ambacho kila idara itakipenda, nani atathubutu kusema sina kazi? Basi akajitosa mzimamzima.

Kisanduku cha zamani kilikuwa chekundu, chekundu cha kupiga mayowe. Ndani yake meneja wa utumishi, Torkel Wiberg, aliwahi kuwatangazia wananchi kwamba bwawa la kuogelea litafungwa. Mzee mmoja akasimama akasema kabla hajapewa nafasi. Kwa watu wa Hällsjö, hilo ni sawa na kurusha kiti.

"Watu hawakukasirikia bwawa, Majken," Torkel alimwambia. "Walikasirikia rangi. Nitafutie rangi isiyomshtua mtu. Mtu asome, aelewe, aende zake akanywe kahawa."

Sasa kule kwao bosi haamui peke yake. Akiamua peke yake ataonekana hana malezi. Kwa hiyo Majken alizunguka idara moja baada ya nyingine na vipande vyake vya rangi, akapokewa vizuri kote na kukwamishwa kote. Manjano ilipendeza, ila iliwakumbusha watu wa shule ile supu ya njegere za manjano wanayopikiwa kila Alhamisi. Samawati ilipendeza, ila ilikuwa ya chama fulani cha siasa. Kijivu kilipendeza, ila watu wa huduma za wazee walisema wanacho cha kutosha tayari. Hakuna aliyekataa hata kimoja. Walisema "ila" tu, na "ila" ya Hällsjö ni mlango uliokwishapigwa kufuli.

"Dada, bado uko kwenye rangi?" Disa, mhasibu wa chumba cha pili, alimuuliza siku moja wakiwa kwenye kahawa na mikate ya mdalasini.

"Nimefika kwenye kijani."

"Kijani kipi?"

"Kijani cha ukungu."

"Ukungu wa asubuhi au ukungu wa mkate?"

"Wewe cheka tu. Utakuja kukipigia makofi."

Na kweli kijani kile kilipita. Kilikuwa kimepauka kwa ustadi, jicho likikigusa linapumzika. Idara zote zilikisifu, na hakuna aliyesema "ila". Majken akaandika mwongozo: kuanzia sasa visanduku vyote ni kijani cha ukungu, na rangi za fujo zinaondolewa kwenye kiolezo, nyekundu ikiwa ya kwanza. Aliifuta kwa mkono wake mwenyewe, na usiku huo akalala.

Kikao cha kwanza cha kukitumia kilikuwa cha Torkel, cha mpango wa wafanyakazi. Majken alitakiwa awepo kwa sababu mbili: kisanduku ni chake, na yeye ndiye mwakilishi wa wafanyakazi, ambaye sheria inataka aulizwe kabla jambo halijapitishwa. Torkel, mtu muungwana, alimtumia slaidi mapema.

"Ziangalie kwa utulivu," alimwandikia. "Kama kuna linalokuumiza, niambie bila kuogopa."

Majken aliziangalia asubuhi nzima. Akajibu: "Ukingo wa kisanduku cha mwisho umezidi unene kidogo. Mengine safi kabisa."

Akili nyingi huondoa maarifa, wahenga walisema, nao hawakuwahi kuona slaidi.

Siku ya kikao, Torkel alipofika slaidi ya mwisho sauti ilimshuka. Kisanduku kikatokea ukutani. Majken hakuangalia ukuta sana, aliangalia nyuso. Hakuna aliyekunja kipaji. Hakuna aliyeshtuka. Moyo wake ulijaa furaha hadi akaona haya.

"Majken," Torkel alisema polepole, "wewe kama mwakilishi wa wafanyakazi, una pingamizi?"

"Pingamizi la nini? Imekaa vizuri mno."

"Una hakika?"

"Torkel, ukinitaka ukweli wangu, jambo hili tungelifanya miaka mingi iliyopita."

Fundi mkuu wa barabara, mtu wa miraba minne, alivua miwani akaifuta.

"Mkutano unakubali?" Torkel aliuliza.

"Ndiyo," walisema wote, na sauti ya Majken ndiyo iliyokuwa juu. Torkel akagonga meza.

Kwenye kahawa Disa alimkumbatia. Watu wa Hällsjö hawakumbatiani siku ya kazi, kwa hiyo Majken alisimama wima na kikombe chake.

"Dada, mimi nisingeweza," Disa alisema, machozi yakimlengalenga. "Haki ya Mungu nisingeweza."

"Usingeweza nini?"

"Kusema vile. Tena kwa tabasamu."

Majken alimtazama. Akakiweka kikombe mezani.

"Disa. Kile kisanduku kiliandikwa nini?"

"Jamani! Hukusoma?"

"Nilikuwa naangalia rangi."

Alirudi mbio kwenye chumba cha kikao. Projekta ilikuwa bado inawaka. Akasimama mbele ya ukuta akasoma, kwa mara ya kwanza: *Nafasi ya ofisa habari inafutwa kuanzia kiangazi. Kiolezo kipya kimekamilika, hivyo kazi yake imekwisha.*

Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba kwa muda hakuumia. Alisoma, akaelewa, akahisi kiu ya kahawa. Kisha hasira ikapanda, hasira ya miezi yote ile ya "ila", na ilikuwa hasira halali kabisa. Akaivuta kompyuta ya Torkel. Alitaka kisanduku kile kipige mayowe kabla watu hawajarudi. Akafungua orodha ya rangi: kijani cha ukungu, kijani cha ukungu kilichokolea kidogo, kijani cha ukungu kilichofifia kidogo. Akashuka mpaka chini, akapanda tena. Nyekundu haikuwamo.

Torkel aliingia taratibu, akaona, akajifanya hakuona.

"Majken, umetuonyesha ukomavu leo. Tungependa kukuaga kwa keki. Ile ya kijani ya kawaida, au ungependa rangi nyingine?"

"Nyekundu," Majken alisema. "Nataka nyekundu, Torkel."

Torkel alikuna kidevu, akatafakari kwa wema wote aliojaliwa.

"Inapendeza," alisema. "Ila."