Mtu wa Ba Letong

Mbwa ndiye aliyeniponza.

Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya nyumba, simu mapajani, nikidhani waya wa masikioni umeingia sawasawa. Haukuwa umeingia. Nilipogusa video, sauti ya babu ikatoka wazi na kujaa uwanja mzima: "Itok! Njoo hapa, mvivu wewe, unapigwa picha!"

Itok alikuwa amejilaza chini ya nyumba tangu tulipozika. Alichomoka mbio, akaizunguka nyumba, akapanda ngazi kwa kunirukia, akachungulia ndani, mkia ukigonga ubao wa mlango. Hakumwona. Akarudi kwangu, akaninusa mikono, akainusa simu. Kisha akaenda kukaa mbele ya njia iendayo msituni, akaanza kulia kwa sauti nyembamba.

Ndani, mwiko wa bibi uliokuwa ukisonga uji wa sago ulinyamaza.

"Riman."

"Abee, bibi."

"Umefanya nini?"

Kwetu sisi Wapenan, watu wa msituni, aliyefariki hatajwi jina. Linawaumiza waliobaki, na yeye linamgeuza shingo huko aendako. Tunamtaja kwa mto aliofia karibu nao. Babu alifia karibu na mto Letong, na mto kwa lugha yetu ni ba, kwa hiyo sasa ni mtu wa Ba Letong, basi. Bibi naye jina lake limewekwa kando, anaitwa Balu, yaani mjane. Vitu vya babu hatukuviacha. Mjomba Galang alilivunja bomba lake la kupulizia mishale kwa goti, kikapu kikachomwa, hata lile shati jekundu alilolinunua mjini Marudi na kulivaa kila Krismasi.

Bibi alitoka akasimama mlangoni, mwiko ungali mkononi.

"Tulichoma kila kitu," alisema. "Kumbe wewe umembakiza mfukoni."

Nilimrekodi kabla ya mvua kubwa. Shirika moja la mjini Miri lilinifundisha kazi hiyo: namna ya kushika simu isitikisike, namna ya kumwomba mtu ruhusa, namna ya kumficha anayeogopa. Kampuni ya mbao ilikuwa inautaka mteremko wote wa Letong. Kwenye ramani yao mteremko ule ni mweupe, mto wenyewe hauna jina, na pembeni wameandika kwamba hapajawahi kuishi mtu. Mwisho wa wiki ile maofisa wanaozipa mbao cheti kwamba zimekatwa kihalali walikuwa wakae waamue. Wakishatoa cheti, matingatinga yanapanda.

Katika video babu anatembea kwenye migomba yake ya sago, hapana, si migomba, yeye mwenyewe angenicheka: kwenye michikichi ya sago, inayotupa unga wa uji, shina kwa shina. Kila shina lina alama ya panga. Ndiyo desturi yetu, tunaiita molong: ukiutia mti alama, umeahidi kuutunza, hukati ovyo, na wajukuu wako wataukuta. Babu anaweka kiganja juu ya alama, anasema nani aliichora. Anataja jina lake, la baba yake, la babu yake. Anacheka na kumtania mbwa. Ushahidi mzuri kuliko huo sijawahi kuushika.

Rosnah wa shirika alikuwa ameshanitumia sauti: "Riman, mdogo wangu, unangoja nini? Tuma. Uso, jina, mahali. Bila jina watasema tumemwokota mzee barabarani."

Mjomba Galang alipanda kutoka kwenye kizuizi, tope mpaka magotini. Yeye na wenzake walikuwa wamelaza magogo barabarani kuzuia matingatinga na kulala hapo kwa zamu. Alipoambiwa jambo lenyewe alivua kofia.

"Mama, mwache mtoto atume. Mimi nikifa mnirushe mtandaoni, tena mnitilie na muziki."

"Wewe uko hai na hakuna anayekutazama," bibi akamjibu.

Tulicheka, hata yeye Galang. Halafu akasema taratibu, "Tingatinga halijui msiba, mama." Lakini nilimwona. Nilipoigeuza simu yenye uso wa babu upande wake, aligeukia ukuta.

Bibi aliniuliza, "Ulimwomba?"

"Nilimwomba. Alisema nionyeshe dunia nzima."

"Alisema akiwa hai. Mtu hai akisema ndiyo leo, kesho anaweza kusema basi, imetosha, nifutie. Yeye atakwambiaje basi? Aliyebaki wa kusema hapana kwa niaba yake ni mimi. Nasema hapana."

"Na msitu, bibi?"

Alirudi kwenye chungu. Itok alikuwa bado analia pale njiani, na mwiko haukusikika tena.

Asubuhi nilimkuta bibi amejifunga kikapu, fimbo mkononi.

"Umemdanganya mbwa wa watu," alisema. "Twende tukamwambie ukweli."

Itok alitutangulia. Hakuwa akizurura. Alishuka moja kwa moja mpaka kwenye michikichi ya kwanza, akakaa chini ya shina lenye alama, masikio juu, akingoja. Nilielewa anachongoja: kiganja. Huyu mbwa tangu mtoto alikuwa akimwona babu anaweka kiganja pale. Kisipowekwa, safari haiendelei.

Bibi naye alielewa. Alisogea, akaweka kiganja chake. Itok akainuka, akaenda shina la pili, akakaa.

Nilitoa simu. "Bibi, naruhusiwa?"

"Rekodi. Mimi niko hai, nikichoka nitakwambia."

Shina baada ya shina. Bibi si msemaji, lakini siku ile alisema. "Huu aliuchora mtu wa Ba Letong. Mama yako nilikuwa nimembeba mgongoni, analilia nyani." Mwingine: "Hapa tuligombana. Alitaka tuukate, nikamwambia bado mchanga. Angalia sasa, nani alisema kweli?" Kwenye jiwe moja kando ya maji Itok alijilaza kabisa, na bibi akasema ndipo mtu wa Ba Letong alipokuwa akivuta tumbaku akijifanya anasikiliza ndege.

Shina la mwisho liko juu ya ukingo wa mto. Kutoka pale unaona kaburi. Itok alilinusa shina, akalizunguka, akatazama huku na huku, kisha akamtazama bibi kama mtu anayedai maelezo.

Bibi alikaa chini. Alimvuta mbwa kwa shingo, akamlaza kichwa mapajani.

"Hayupo, Itok," alisema. "Nami nilimtafuta."

Nilitaka kuzima. Bibi akanikataza bila kuinua uso. "Iache. Hayo ni yangu, nimekupa."

Video ya bibi niliituma kutoka kwenye kilima ambako simu hushika. Rosnah alipiga papo hapo. "Jina liko wapi? Mzee yuko wapi?" Nilimwambia mtu wa Ba Letong ndilo jina na bibi ndiye mzee, airushe ilivyo. Kisha nikamsikia anapenga kamasi. "Narusha," alisema.

Watu waliitazama. Wengi walimpenda mbwa, mmoja akauliza kama anauzwa. Nilipomsomea bibi, alisema, "Muulize bibi yake yeye anauzwa bei gani." Kampuni ilijibu kwamba kikongwe anaweza kutembea popote na mbwa wake na hiyo si hoja. Hapo watu wakawaka. Mwalimu mmoja wa Kuching aliandika: mbwa haongozi mtu hivyo mahali asipopajua. Wengine wakaanza kuandika tu: mtu wa Ba Letong. Bila neno jingine. Walioandika kutoka Manila waliandika hivyo hivyo, na wa nchi nisizozijua.

"Wanamtaja vizuri," bibi alisema. "Hawamsumbui."

Cheti hakikutolewa wiki ile. Maofisa walisema watakuja wenyewe waone kwanza. Siku waliyokuja, kabla gari halijafika kwenye magogo, bibi alinyoosha mkono.

"Kile kipande kingine, cha mtu wa Ba Letong. Kimo wapi?"

Nilitoa memori kadi. Sikuwa nimekituma popote, na kilikuwa humo tu. Aliitazama kwenye kiganja, ndogo kama ukucha.

"Utaivunja?" nilimuuliza.

"Kwa nini? Bomba tulilivunja kwa sababu ningeliona kila siku likiegemea ukuta. Humu simwoni." Akaitumbukiza ndani ya kikopo chake cha mwanzi cha tumbaku, akakifunga. "Nikienda mimi, na wanangu wakienda, hatabaki wa kuumia. Wanao watamwita kwa jina lake. Waambie alikuwa mzuri akicheka."

Mjomba Galang alisukuma gogo moja kando. Ofisa mwenye ramani alishuka, viatu vyake vipya vikazama kwenye tope. Alitutazama, akaitazama karatasi yake.

"Samahani, mama. Ba Letong ni upi?"

Bibi alikwisha kuanza kushuka, mwanzi ukimgonga nyongani, Itok mbele yake.

"Nifuateni," alisema. "Ila msimpite mbwa. Kwenye kila shina lazima angojewe."