Jicho Moja Edani

Nimechoka, nisiseme uongo. Mume wa mdogo wangu Ruweida alipozikwa, nilihamia kwao Jadida nimsaidie eda yake. Nilichota maji, nilipika, nilipokea wageni wa tanzia wasiokwisha, na kila Alasiri niligombana na mama mkwe wake, Bi Bimkubwa. Bibi huyo ana ulimi, na mimi wangu sikuuazima.

Ruweida ana jicho moja. Ukoo wetu ni wa miwani mizito. Baba alimalizia umri wake akishikwa mkono, na jicho la kushoto la Ruweida lilizimika zamani. La kulia ndilo lililobaki, na bila miwani halioni hata vidole vyake mwenyewe.

Jioni moja alikuwa akimsomea marehemu Yasini, akafunga msahafu.

"Dada, nnaona nzi weusi. Na pembeni kunamulika umeme, hata nikifumba."

Wageni wakasema ni kilio. Bi Tatu, jirani yetu, akasema ni Himid anamsalimia mkewe. Nikamjibu kuwa Himid hata alipokuwa hai salamu zake hazikuwa za umeme.

Kesho yake nikamvisha buibui, nikampeleka hospitali. Mjane hutoka mchana akiwa na haja. Daktari alimtia dawa ya kupanua mboni, akamchungulia kwa muda mrefu.

"Jicho la mtu wa miwani kama hii ni refu kuliko kawaida," alisema. "Retina, ule utando wa nyuma, huvutika ukawa mwembamba. Tena baba yenu alipofuka, na jicho lako jengine limeshakwenda. Sasa utando umechanika na umeanza kubanduka pembeni. Katikati bado umeshika. Vuka kesho uende Dar es Salaam ukapasuliwe. Ukikawia, sikuahidi kitu."

Ruweida aliuliza swali moja tu: angelala huko?

"Wiki mbili, huenda zaidi."

Basi akakataa. Mchana atatoka, lakini usiku atalala nyumba ya mumewe mpaka eda iishe. Nikamleta Shehe Khatib, akasema nyuma ya pazia kuwa dharura inaruhusu, na jicho ni amana. Ruweida akamshukuru, asibanduke.

"Himid kanishika n'kono miaka yote hii nisijikwae," aliniambia. "Miezi minne na siku kumi tu n'shindwe kumkalia?"

Nililia kwa uchovu. Bi Bimkubwa alikuwa barazani akisikia yote, hakutia neno. Nikajua yuko radhi mkwewe apofuke kwa heshima ya mwanawe, na nilimchukia.

Asubuhi Ruweida akasema kivuli kimeanza kupanda kutoka chini. Sijamjibu, Bi Bimkubwa akaingia, akabeba nguo za Ruweida akazitupa nje.

"Toka! Nyumba hii yangu miye, nilimpa mwanangu akae, naye hayupo. Sikutaki kuno!"

Nikamrukia. "Humwogopi Mungu? Unamfukuza mjane edani?"

Mtaa mzima ulishatoka. Bi Tatu alisimama mlangoni pake, kajishika kichwa. Bi Bimkubwa akanivuta chumbani.

"Mwatima," alininong'oneza, "mjane akifukuzwa, sheria yasemaje?"

Sheria niliijua. Mjane akifukuzwa huondoka, akalala anapopata, na dhambi haimfuati yeye. Humfuata aliyemfukuza.

"Usimwambie," akasema. "Akijua ni hila, atarudi kulala papa hapa. Namjua." Kisha akatoka, akaanza kumtukana upya kwa sauti kubwa. Ruweida alipiga magoti akimwita mama. Nilimnyanyua nikamkokota, maana boti haingoji.

Alipasuliwa, na jicho limeshika, alhamdulillahi. Eda aliimalizia kwangu. Sasa anatembea mwenyewe, anasoma mwenyewe. Nilimwendea Bi Bimkubwa nikamwambia eda imekwisha, niruhusu niseme. Akakataa: Ruweida akijua kuwa aliweza kukaa na hakukaa, hatajisamehe. Mtaani hakuna anayemwitikia Bi Bimkubwa salamu, kisimani wanampisha kama mwenye ndui. Nami nimelibeba jambo hili mpaka limenielemea.

Juzi mimi na Ruweida tulikutana naye njiani. Alisimama akamtazama Ruweida usoni, kwenye miwani, akatabasamu kidogo. Ruweida alimwona vizuri tangu mbali, akageuza uso.