Aliyetoa Mguu

Mbaruku alikuwa amekwisha kuagwa, na mtu aliyekwisha kuagwa hana aibu kubwa kama kuendelea kuonekana. Alikuwa ameombewa dua, amefukizwa ubani, amevishwa kanzu mpya, amelia na kuliliwa. Kisha hakwenda popote. Alikuwa Zinga kwa shangazi yake, mwendo wa asubuhi moja tu kutoka nyumbani kwao Dunda, mjini Bagamoyo, anakula muhogo na kungoja jibu la chuo cha mifugo.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la mama yake, Bi Fatu, na lilitoka kwenye mapenzi. Kijana alikuwa amemaliza darasa la nane, akaandika maombi ya kwenda bara kusomea uganga wa ng'ombe. Mji ulimcheka. Mtu wa Bagamoyo anasomea ng'ombe? Ng'ombe wenyewe wako wapi, na ndorobo wamewamaliza? Angesomea papa, walau angepata wagonjwa. Mbaruku aliwaacha wacheke. Marehemu baba yake alikuwa na ng'ombe wachache Makurunge, na yeye aliwaona wakikonda mmoja baada ya mwingine, manyoya yamesimama, machozi yakiwatiririka, mpaka akabaki mtamba mmoja tu, naye amelala chini. Ndipo akapita mtu wa serikali na sindano yake. Baada ya siku chache mtamba yule aliinuka akala majani. Baba alikuwa akimtazama ng'ombe, mtoto alikuwa akimtazama mwenye sindano, na tangu hapo hakutaka jambo jingine duniani.

Basi maombi yakaenda, jibu halikuja, na Mfunguo Tano ukawa unakaribia. Huo ndio mwezi wa Safar, na watu wa pwani wengi hawapendi kuanza safari ndani yake, lakini jamaa za Bi Fatu waliuogopa kupita kiasi. Kwao, mtu aliyetarajia kusafiri na siku yake haijulikani alitakiwa kutoa mguu mapema. Mwezi wa Safar haujaandama, anasomewa dua, anavuka kizingiti kwa mguu wa kulia pamoja na sanduku lake, anakwenda kukaa kwa jamaa aliye upande wa njia atakayopita. Hapo safari inahesabiwa kuwa imekwisha anza, na nuksi ya mwezi haimpati. Sharti lilikuwa moja. Akishatoka, haingii tena mlango ule mpaka afike kwanza aendako. Akirudi kabla, safari ameivunja kwa miguu yake mwenyewe, wala haiungiki.

"Mama, na wakinikataa?" Mbaruku aliuliza siku ile ya kutoka, sanduku liko begani.

"Wakukatae kwa lipi?" Bi Fatu alisema, akamtia ubani zaidi kwenye kanzu.

Mbaruku akavuka kizingiti. Zinga iko kwenye njia ya Dar es Salaam, na Dar es Salaam ndiko garimoshi la bara linakoanzia, kwa hiyo hesabu ya mama ilikuwa imekamilika, isipokuwa kwamba chuo hakikuwamo katika hesabu.

Shangazi Somoe alimpokea vizuri. Alikuwa mjane mwenye shamba la muhogo na maneno mengi, naye alimpenda mtoto wa kaka yake kwa namna yake, yaani kwa kumsema. "Msafiri, nipasulie kuni," angesema. "Msafiri, kisima kinakungoja, au nacho kikuletee barua?" Mwanzoni Mbaruku alicheka. Mwezi wa Safar ukaisha, watu wakaenda kuoga baharini Jumatano ya mwisho, Maulidi yakasomwa, na kila aliyepita barabarani akamwuliza lile lile: bado upo? Ni salamu tu, haina ubaya, lakini jaribu kusalimiwa hivyo kutwa mara ngapi sijui, uone kama hutatamani kujificha uvunguni. Mbaruku akaacha kukaa barazani.

Huko mjini Bi Fatu naye hakulala. Kila barua zilipofika alikwenda posta, akasimama na buibui lake mbele ya karani, mpaka ikawa karani akimwona tu mlangoni anatikisa kichwa, hata salamu hazijatoka. Bi Fatu akirudi alimtumia mwanawe samaki wa kukaanga kwa mtu yeyote aendaye Zinga, pamoja na ujumbe usiobadilika: jibu li njiani, na yeye asithubutu kukanyaga Dunda.

Siku moja, joto la kaskazi limeshika, alikuja Tarcis. Huyu alikuwa kijana wa Kikristo aliyesomea misheni ya Bagamoyo, sasa amefanya kazi ya mifugo miaka kadhaa, anazunguka na baiskeli kukagua ngozi na kuchanja ng'ombe wachache walionusurika. Alifikia kwenye banda la mchinjaji, Mbaruku akamfuata, akamwamkia, akashika upande wa pili wa ngozi iliyokuwa ikiwambwa. Alipenda hata kule kushika ngozi. Alijua pale kisu kilipokosea, akajua na ng'ombe yule aliugua nini kabla hajachinjwa, na Tarcis akamsifu kuwa ana jicho.

Kisha Tarcis akauliza, bila kumtazama, "Ulituma maombi, sivyo?"

"Nilituma. Jibu bado."

Tarcis alikaza kamba, akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. "Masomo yameanza, Mbaruku. Shemeji yangu yuko huko tangu mwezi wa kwanza. Nilimpeleka stesheni mwenyewe."

"Labda jibu langu limepotea njiani."

"Wanaochukuliwa ndio wanaoandikiwa. Waliobaki hawaandikiwi kitu. Ndiyo desturi yao."

"Basi mwakani."

"Mwakani hawachukui. Na watakapochukua tena, wewe umri utakuwa umekupita." Alisema hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Nilidhani ulikwisha jua."

Mbaruku aliendelea kushika ngozi. Jambo alilolifikiria kwanza halikuwa chuo wala ng'ombe. Alimfikiria mama yake. Alimwomba Tarcis asiseme neno Dunda, na Tarcis akakubali, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupeleka habari mbaya ambazo hakutumwa.

Tazama sasa mahali alipofika. Angeweza kurudi nyumbani siku ile ile. Safari haikuwapo, na kisichokuwapo hakivunjiki. Lakini siku atakayovuka kizingiti kile, Bi Fatu atajua kwamba yamekwisha, tena ataamini yamekwisha kwa sababu mwanawe amerudi. Au atajilaumu yeye aliyemtoa mapema. Kwa vyovyote atakuwa amempiga mama yake. Basi Mbaruku akabaki Zinga kumngojea jibu mama yake, jibu ambalo yeye alijua haliji, akala samaki wa kukaanga aliotumiwa. Alimchukia karani wa posta asiye na kosa. Alimwonea wivu shemeji wa Tarcis ambaye hakuwahi hata kumwona. Usingizini aliwaona ng'ombe wa marehemu baba yake wamelala, na yeye hana cha kuwachoma.

Masika yalipoanza Bi Fatu akashikwa na homa ya kifua. Somoe alikwenda kumwangalia, akarudi amelowa, hana mzaha hata chembe.

"Wifi yangu hali yake si nzuri," alisema. "Hali chakula. Wanamsomea Yasini."

Mbaruku alikuwa amekwisha simama.

"Keti nimalize. Amenishika mkono akaniambia, Somoe, mzuie mwanangu. Akija kwa ajili yangu, ameniulia safari niliyoifungua kwa mkono wangu. Nimeapa kwamba nitakuzuia." Somoe akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nimekwisha kukuzuia. Haya, nenda."

Alikwenda mvua inanyesha, akafika alasiri. Hakupita mbele. Alizunguka hadi dirisha la chumba cha mama yake, lile la nondo za mbao, akashika nondo. Ndani kulikuwa na harufu ya dawa ya mvuje na kina mama waliokuwa wakimuuguza. Bi Fatu alikuwa mdogo kitandani, amekwisha kabisa, macho tu ndiyo yake.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama."

Hofu aliyoiona usoni mwa mama yake hakupata kuisahau. "Umerudi?"

"Sijaingia. Niko nje."

"Usiingie, baba." Alivuta pumzi kwa shida, mkono ukitafuta kitu juu ya shuka. "Jibu?"

Naam, wewe ungesema nini? Mtu mzima amekaa salama mahali pakavu anaweza kusema kweli ndiyo bora. Mbaruku alikuwa mvuani, mama yake anakata roho mbele ya macho yake, na neno moja lilitosha kumpeleka kwa amani.

"Limekuja, mama. Wamenichukua. Bwana Tarcis wa mifugo kaniletea habari mwenyewe. Naondoka kesho."

Uso wa Bi Fatu ukafunguka. Alilia, akacheka, akakohoa, yote kwa pamoja. "Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia. Nenda, mwanangu, usigeuke nyuma. Nimekupa radhi yangu yote, ya ziwa langu na ya tumbo langu, ikutangulie huko uendako."

Kina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele vikatoka nje, vikadakwa na nyumba ya pili, na Mbaruku hajafika mwisho wa mtaa, Dunda yote ilikuwa inajua kwamba mtoto wa Bi Fatu amekubaliwa. Wanaume wawili waliokuwa wakimcheka kwa habari za papa walimshika mkono na kumwomba msamaha. Yeye aliitikia hivi na hivi. Amepewa radhi ya mama, kitu ambacho watu hukitafuta maisha yao yote, na amekipata kwa uongo. Hakujua kama radhi ya namna hiyo ni radhi au ni laana inayochelewa.

Kesho yake ilibidi aondoke kweli. Dar es Salaam hakuweza kukaa, kwa maana Kariakoo imejaa watu wa Bagamoyo, angeonekana siku ya kwanza. Alichukua sanduku lake, akaagana na Somoe ambaye alikuwa amekwisha fahamu yote na hakuuliza lolote, akaelekea kusini mpaka alipopotea machoni pa watu. Kisha akakata porini, akapita nyuma ya mji wake mwenyewe kupitia Makurunge, akavuka mto Wami na kuandikwa kazi kwenye shamba la mkonge, miongoni mwa manamba kutoka mbali wasiomjua yeye ni nani, mahali ambapo habari za Dunda hazikufika.

Alikata mkonge mikono ikavimba. Jioni zote baada ya sala alimsomea mama yake Fatiha na kumwombea kaburi pana. Alijiambia ya kwamba amepoteza chuo, amepoteza na kwao, hakuwahi hata kumtia mama yake udongo, lakini moja alilifanya: mama alikufa amefurahi. Hilo alilishika kwa mikono miwili. Siku nyingine ndilo peke yake lililomwamsha kitandani.

Mwaka ukageuka. Shamba lile lilikuwa na maksai wa kuvuta mikokoteni ya mkonge, wakaanza kukonda, na msimamizi akaagiza mtu wa mifugo. Akaja Tarcis na baiskeli yake. Mbaruku alimwona kwa mbali, akainamia mkonge, lakini Tarcis alikuwa amemwona kwanza.

Walikaa juu ya matita ya majani yaliyokatwa. Tarcis alimtazama mikono, akatazama pembeni.

"Nashukuru hukuniumbua kule nyumbani," Mbaruku alisema. "Mama alikwenda ameridhika. Nilikuwa nataka kuuliza kama unajua wamemzika wapi."

"Wamemzika nani?"

"Mama."

Tarcis aliangalia huku na huku, kama mtu anayetafuta pa kuweka mzigo. "Mbaruku, Bi Fatu yupo. Alipona. Wanasema aliamka siku ya tatu akaomba uji. Nilimwona juzi yuko barazani, amenenepa."

Furaha ilimjia Mbaruku, ni kweli, ilimjia kwa nguvu hata akashika kichwa, lakini haikuja peke yake. Aliiona baraza ile. Alimwona mama yake amekaa, anaulizwa habari za mwanawe na kila apitaye, naye anajibu.

"Ameniita kila ninapopita," Tarcis alisema. "Wenye mbuzi wagonjwa anawazuia nisiwatibu, anawaambia subirini mwenyewe aje. Ameniuliza kama nilipokwenda chuoni kuchukua dawa nilikuona."

"Ukamjibuje?"

"Ningemjibuje? Nilisema nimekuona. Nikasema unasoma vizuri."

Msimamizi alipiga filimbi, watu wakaanza kuinuka. Mbaruku alichukua panga lake, akasimama, akakaa tena.

"Anataka kujua utarudi lini," Tarcis alisema.

"Mwambie masomo ni marefu."

"Nimekwisha mwambia hivyo. Amesema atangoja."