Pazia la Sufu

Kila Jumanne na kila Ijumaa, tangu theluji ya kwanza, Aikanysh alirudi nyumbani na kichwa kinamgonga. Siku nyingine alikuwa mzima, anakimbizana na mbwa uani. Lakini siku za somo la komuz, ala ya mbao yenye nyuzi tatu, alivua viatu akaenda moja kwa moja kwenye godoro.

"Kula kwanza, mwanangu."

"Sitaki, mama. Nitatapika."

Mama yake, Burulai, alimgusa paji la uso. Hakuna homa. Mashavu mekundu, mazuri kabisa. Ugonjwa gani huu wenye ratiba?

Mkwewe, Bibi Zuura, hakuwa na shaka. "Jicho la husuda hilo. Si mlimsimamisha mbele ya wageni siku ya harusi ya jirani yetu Joldosh, apige komuz? Mtoto wa miaka minane anapiga vile, unadhani watu walimwacha?" Akawasha vijiti vya mreteni kwenye kikaango, akazungusha moshi mara tatu juu ya kichwa cha mjukuu wake. Asubuhi mtoto aliamka hana kitu. "Umeona?" akasema Bibi.

Burulai akaona.

Huko kwao milimani komuz hufundishwa majira ya baridi tu. Kiangazi watoto wako juu malishoni na kondoo, vuli wako kwenye viazi. Kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka ardhi ilainike, Mwalimu Toktobek aliwakusanya watoto kumi na wawili kwenye stoo kuukuu yenye jiko la makaa ya mawe nyuma ya shule, Jumanne na Ijumaa, baada ya masomo ya kawaida. Mtu mwema, hana kiboko. Kero yake ilikuwa moja, baridi. Atengeneze sauti za komuz zote kumi na mbili, mlango ufunguliwe mara moja, nyuzi zilegee, aanze upya.

"Nusu ya somo nakaza vigingi," alilalamika kwenye kikao cha wazazi. "Mlango ule unapitisha upepo kama ungo."

Burulai alisimama mbele ya watu wote. Yeye shule iliishia darasa la nne, na alitaka sana mwanawe awe na kitu mikononi. "Niachie mimi, mwalimu." Akachukua mazulia mawili ya sufu nzito ya kondoo, akayashona pamoja kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe, akaning'iniza pazia kutoka juu ya mlango mpaka sakafuni, likapigwa misumari upande mmoja. Mabaki akayajaza kwenye nyufa za madirisha.

Mwalimu alipitisha kiganja pembeni mwa mlango. "Dada Burulai, sasa hata sindano ya upepo haipenyi!"

Burulai alirudi nyumbani kifua mbele. Hilo ndilo alilokuja kulikumbuka kuliko yote.

Ijumaa moja ya Desemba, saa tisa na nusu mchana, alikwenda kuteka maji bombani, akamkuta jirani yake Meerim akigonga barafu kwa shoka.

"Wangu hataki tena komuz," Meerim alisema akicheka. "Ati kichwa. Mvivu kama baba yake! Jumanne katapika hadi kwenye buti za babu."

"Jumanne?"

"Jumanne. Nikamwambia, ukitapika tena utalala na ng'ombe."

"Na Aikanysh ni Jumanne. Na Ijumaa."

"Basi wamekula kitu huko. Au usingizi tu. Kule kuna joto kama bafuni, anasema. Mwalimu akishatengeneza nyuzi anafunga kile kibamba cha bomba la moshi, joto lisitoke, halafu..."

Ndoo ya Burulai ilianguka, maji yakamwagikia miguu yake, asiyahisi.

Nyumbani kwao hakuna aliyethubutu kugusa kibamba kabla makaa ya mawe hayajageuka majivu. Kila mtu kijijini aliijua habari ya nyumba ile ng'ambo ya mto, watu watano waliofunga kibamba mapema, wakakutwa asubuhi wamelala vizuri na blanketi zao, wamekufa kwa hewa ya makaa. Mwalimu naye aliijua. Ila kwake kule kulikuwa darasani, na darasani hakuna anayelala.

"Jicho gani linapiga darasa zima?" Burulai alisema, na tayari alikuwa anakimbia.

Alikimbia kwenye theluji inayofika magotini, skafu ikabaki kwenye uzio. Kutoka kona ya shule husikika komuz, siku zote husikika. Alisimama asikilize. Moyo wake tu. Halafu uzi mmoja, tong. Kimya kirefu. Tong.

Alisukuma mlango, pazia likamzuia. Alikuwa amelishona vizuri mno. Akapenya kwa ubavu.

Watoto walikuwa wamelaza vichwa juu ya madawati. Mwalimu ameegemea ukuta, komuz mapajani, kidole kinavuta uzi uleule. Alifumbua macho kidogo.

"Funga mlango, dada," akasema kwa ulimi mzito. "Nyuzi zitalegea."

Burulai alijitundika kwenye pazia kwa uzito wake wote. Halikung'oka. Akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, komuz ya mwanawe mwenyewe, aliyoichonga babu yake kwa mti wa aprikoti wa huko kwao, ule wenye matunda madogo ya manjano, akaipiga kwenye dirisha mpaka kioo na komuz vikavunjika pamoja.

Meerim alifika akihema. Wakawaburuta watoto kama magunia, mmoja mmoja, hadi kwenye theluji. Wa kwanza alikohoa. Wa tatu akalia, na Meerim, aliyemtambua kuwa ni wake, akawa analia naye, "Mvivu wangu, mvivu wangu, lia!"

Burulai alihesabu. Kumi na mmoja. Akahesabu tena, kumi na mmoja.

"Aikanysh!"

Alirudi ndani. Mwalimu alikuwa amefika mlangoni kwa magoti, akanyoosha kidole nyuma ya jiko. "Kichwa kilimuuma," alisema. "Nikampa mahali pa joto."

Alikuwa chini ya makoti ya wenzake, mashavu mekundu kama aliyetoka kucheza. Hakuitika. Burulai alimbeba nje, akampaka theluji usoni, akampiga mgongoni, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, hata ya uchanga, mpaka wazazi wengine wakaja na gari la kubebea majani, wakawapakia kuelekea hospitali. Walikuwa wameshavuka daraja ndipo mtoto alipotapika kwenye shati la mama yake. Hajawahi kupokea zawadi kubwa kuliko hiyo.

Watoto wote walipona. Mwalimu mkono wake wa kulia bado unatetemeka.

Masomo yalianza tena Februari. Kibamba kimeng'olewa, dirisha moja halifungwi, watoto wanapiga wamevaa kofia, na sauti zinapotea katikati ya wimbo. Zipotee. Aikanysh anapigia komuz ya kuazima. Pazia Burulai alilikata vipande vipande kwa kisu cha nyama.

Anakaa mlangoni somo zima, mikono mapajani. Komuz zikinyamaza kidogo tu, mwalimu akieleza jambo, anainuka.

"Mama," Aikanysh anamwambia kwa aibu, wenzake wakicheka, "tunageuza ukurasa tu."

"Geuzeni," anasema. "Lakini mpige."

Nawe mwenye jiko la makaa chumbani, hewa ile ya kuua haina harufu, wala haiwashi macho. Mtoto akikuambia kichwa, usianze kutafuta nani kamtazama. Fungua mlango.