Somo la Kiti cha Bibi

Gari lilikuwa limeshapakiwa kitanda, sanduku na ndoo mbili. Aliyebaki ni Bibi mwenyewe. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbao katikati ya chumba, kang'ang'ana kama kupe. Mwanawe, mwalimu wa sayansi, alikitaka chumba kile afundishie masomo ya ziada. Mama aende akakae kwa binti yake. Mimi nilikuwa mpakizi wa mizigo, kibarua cha siku moja.

"Chumba hiki nilikijenga mimi," Bibi alisema. "Nitatoka humu na jeneza."

"Leo utatoka na kiti, mama."

Nikasogea nimwinue. Mwalimu akanishika bega. Wanawe wawili walikuwa wamesimama ukutani wanatazama.

"Subiri, fundi. Hawa wana mtihani Jumatatu."

Akakisukuma kiti. Miguu yake ikalia kwenye saruji, kikasogea kidole kimoja, kikagoma.

"Kwa nini hakiendi?"

"Bibi mzito," alisema kitinda mimba.

"Umepata nusu. Uzito unakigandamiza kiti chini, sakafu ina mikwaruzo, inakishika. Nguvu hiyo ya kushika inaitwa msuguano. Na angalieni, Bibi anaongeza wa kwake."

Kweli, Bibi alikuwa peku, amekita nyayo.

"Mvalishe soksi za nailoni," mwalimu akamwambia kifungua mimba.

Msichana akapiga magoti. Bibi akamtazama utosini. "Hata wewe, mke mwenzangu?"

"Ni somo tu, Bibi."

Mwalimu akamwaga maji ya sabuni sakafuni. "Sasa msuguano utakuwaje?"

"Utapungua."

"Safi kabisa."

Kiti kikateleza mpaka mlangoni, nyayo za Bibi zikipapasa bila kupata pa kushika. Watoto wakacheka. Na mimi nilicheka, sitadanganya. Bibi akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Na hapa kuna nini?"

"Msuguano," wakajibu pamoja.

Mwalimu akachovya kitambaa kwenye sabuni, akampaka mama yake vidole, kimoja kimoja, kama anayefuta ubao. Vikaachia. Nje ya mlango kulikuwa na ngazi tatu. Mwalimu akavuta kiti kukizuia, lakini naye alikuwa amesimama kwenye povu lile lile. Miguu ikamteleza, akakaa chini kwa makalio, na kiti kikaenda peke yake.

Bibi alivunjika nyonga. Alikaa kwa binti yake miezi mitano, akafa. Binti hakuzungumza tena na kaka yake. Mwalimu alikipata chumba, akaweka madawati kumi na mawili, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Kwenye mtihani wa Jumatatu swali la msuguano lilikuwemo. Watoto wote wawili walilipata. Kitinda mimba sasa anaendesha lori. Kifungua mimba ni nesi wa wodi ya mifupa. Mimi niliondoka wiki ile ile, nikaenda kubeba saruji mji mwingine.