Zungusha Usukani Kwanza

Ukutani kwenye karakana yangu kuna maandishi mekundu: ZUNGUSHA USUKANI KWANZA. Niliyaandika mwenyewe, kwa hasira, siku fundi mwenzangu alipofunga kava la pikipiki ya mteja bila kujaribu. Nilimsema mpaka akaacha chai yake mezani. Ukipitisha waya mpya ndani ya kava la mbele, kabla hujarudisha hata skrubu moja, geuza usukani mpaka mwisho, kushoto kisha kulia, uone kama kuna waya unaovutika. Hata mtoto anaelewa. Mimi nina mdomo, najua, ila kazi yangu huwa inautetea.

Basi Baba akaniletea pikipiki yake. Ni lile dude la safari ndefu, lenye kioo mbele na masanduku pembeni, alilojinunulia alipostaafu udereva wa lori. Alitaka taa mbili za ukungu, chaji ya simu, redio, na vishikio vinavyopata moto.

"Mikono ya asubuhi, mama, inakuwa kama si yangu," aliniambia akicheka. Alikuwa na safari ya siku mbili kwenda kumwona dada yake.

Sikukubali mtu mwingine aiguse. Nilivua kava zima, nikapitisha nyaya, kila mmoja na fyuzi yake, nikazifunga pamoja na nyaya za swichi ya ufunguo kwa vibanio vya plastiki, nikavikaza mpaka vikalia. Zilinyooka kama nywele zilizosukwa na shangazi mwenye roho mbaya. Nikapiga picha niwaringie wateja. Nikawasha taa, redio, vishikio, vyote vikaitika. Nikarudisha kava. Usukani ulikuwa umenyooka tangu asubuhi, na sikuugusa.

Siku tatu baadaye Baba alianguka. Wala hakuwa mwendoni. Alikuwa anageuza mbele ya duka la mikate, polepole, usukani umelala kushoto mpaka mwisho, injini ikazima na dude likamlalia mguu. Walilinyanyua watu wanne. Kifundo kilivimba tu, lakini mtaa mzima ulikuwa umeona, na jioni ile ndugu zangu wakajaa sebuleni.

"Ni umri, Baba," kaka yangu mkubwa alisema. "Hakuna aibu." Akachukua ufunguo mezani akautia mfukoni.

Nilingoja Baba amfokee. Huyo kaka hata baiskeli alifundishwa na yeye. Baba akatazama viganja vyake.

"Nadhani niliachia klachi bila kujua. Mikono haikunisikia."

Kila aliyempa pole alijibiwa vilevile: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kaka akapata mnunuzi. Jumatatu akaniletea pikipiki niikague kabla ya kuuzwa. Nikaiwasha, nikageuza usukani kushoto. Ikazima. Nikarudisha, nikawasha, nikageuza. Ikazima tena. Nikavua kava. Kibanio changu kilikuwa kimebana waya wa swichi kwenye fremu, hakuna nafasi hata ya unene wa kucha. Usukani ukifika mwisho, waya unavutwa kwenye soketi yake na umeme unakatika. Mikono ya Baba haikuwa na kosa lolote.

Nikakikata kibanio, nikaziacha nyaya zilegee inavyotakiwa. Kazi ya dakika tano. Kisha nikafunga kava na nikanyamaza, na hapo ndipo ninapojichukia. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake kaka alikuwepo. Keshokutwa mteja alikuwa na haraka. Mdomo huu unaojua kuwachamba watu ukawa kama umeshonwa.

Siku tisa zikapita. Baba akaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Akaacha kujinyoa, akisema wembe unamtisha. Akampigia dada yake simu: "Usinisubiri, mikono imestaafu." Na kila asubuhi nilipopita kumjulia hali alinyoosha shingo, nami nikamfunga vifungo vya shati, kwa vidole hivi hivi vilivyokaza kibanio.

"Mungu akubariki, mama," alikuwa akiniambia. Nami nikienda kazini nagombana na kila mtu.

Siku ya kumi kaka alikuwa aje na mnunuzi saa nne. Mimi nilifika saa mbili. Baba akanyoosha shingo. Nilifunga kifungo cha kwanza, cha pili kikanishinda.

"Baba, si mikono yako. Ni mimi. Nilibana waya na sikuzungusha usukani. Pale ulipogeuza, injini ingezima hata angeendesha nani."

Nikasubiri matusi. Niliyahitaji. Yeye alikunjua kiganja, akakikunja, akakikunjua tena. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo si mikono?"

"Si mikono."

"Na mimi nimeisingizia bure." Akanishika bega. Alifurahi kweli, na furaha ile iliniuma kuliko kiboko. "Mpigie kaka yako arudishe ufunguo. Na wewe usilie, fundi gani hakosei? Umegundua leo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Alikuwa ameshanisamehe, na angeniamini.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," nilisema.

Kicheko kikaisha taratibu. Nilimwona akizihesabu zile asubuhi, na mimi mbele yake kila asubuhi. Akainamisha macho kwenye vidole vyangu, ambavyo bado vilikuwa vimeshika shati lake. Akavitoa kimoja kimoja, bila ukali.

Kisha akajifunga vifungo vilivyobaki mwenyewe. Cha pili, cha tatu, cha nne. Havikumpa shida hata kidogo.